Dereva wa gari la shule ana miaka 67, ni sawa? Wazazi wa Kigoma naombeni mawazo

mama_wawili_gungu
Habarini wakubwa kwa wadogo, wanaostahili shikamoo nawaamkia. Niko Kigoma mjini huku Gungu, nina watoto wawili wanaopanda gari la shule, mmoja yuko la pili na mwingine chekechea. Shule siitaji maana sijaja kuchafua jina la mtu, nimekuja kuuliza tu na roho yangu itulie.

Dereva wetu ni mzee, na nikisema mzee sio mzee wa heshima tu, mwenyewe katuambia ana miaka 67. Watoto wanamwita Babu. Anamjua kila mtoto kwa jina, anajua nani anatapika akikaa siti ya nyuma, anajua nani Jumatano anashushwa kwa shangazi yake Mlole badala ya nyumbani, mwanangu wa chekechea akigoma kuvaa viatu nikimwambia "Babu anakuja" anavaa mwenyewe. Miaka mitatu sijawahi kusikia kakwangua hata baiskeli.

Sasa wiki iliyopita, saa kumi na mbili kasoro alfajiri, mvua ilinyesha usiku kucha, nimesimama getini na watoto naona taa za Coaster zinakuja, ikanipita. Ikaenda mbele kama nyumba tatu ndio ikasimama, akaanza kurudi rivasi na tairi la nyuma kushoto likaingia mtaroni, gari likalala upande kidogo. Ndani watoto sita. Hakuna aliyeumia ila anti wa gari alishuka na tochi ya simu anatetemeka na mimi nikawa natetemeka zaidi yake. Mzee akashuka akaniambia "samahani mwanangu, ile bodaboda ilinipiga taa nikapoteza geti". Tukasaidiana na vijana wa bodaboda kulinyanyua wakaenda shule.

Sijamwambia mtu shuleni. Nikisema atafukuzwa, nisiposema na kesho likatokea lingine nitajilaumu mpaka naingia kaburini. Je kuna umri ambao dereva wa watoto anatakiwa aachie usukani? Na kwenu huko mnafanyaje?

Mtu_wa_Mwanga
Dada hapo hakuna cha kujadili. Serikalini ukifika 60 unastaafu kwa lazima, hiari 55, sasa kama mtu haruhusiwi kushika faili akiwa na 61 anaruhusiwaje kushika roho za watoto thelathini. Toa taarifa leo, huruma peleka msikitini.

kibirizi_dagaa
Ng'ombe hazeeki maini 😂😂 muacheni mzee apige kazi

deiwaka_mstaafu
Mtu wa Mwanga una haraka kama bodaboda wa stesheni. Hiyo 60 ni ya watumishi wa umma, na hata hukohuko majaji wa Rufani na maprofesa wanakwenda mpaka 65, kwa hiyo sio kwamba mtu akipuliza mshumaa wa sitini kuna nati inadondoka kichwani. Hebu nieleze kidogo maana hii ndio kazi iliyonilea.

Mimi nimeendesha miaka 31. Nimeanza utingo, nikawa deiwaka, yaani dereva wa kushikilia kwa siku, nikapewa basi langu Kigoma Kasulu Kibondo enzi ile barabara ni vumbi tupu na masika mnalala njiani siku mbili mnakula mihogo ya wenyeji. Leseni yangu ya mwisho nimeichukua nina miaka 63. Leseni ni ya miaka mitano, ukiwa na 25 miaka mitano na ukiwa na 63 miaka mitano, hapo ndio pana tatizo na sio kwenye umri wenyewe. Maana kijana wa 25 akifika 30 macho ni yaleyale, ila mimi kutoka 63 mpaka 68 mwili wangu umebadilika kama gari lililouzwa mara nne. Nimeingia na presha, nimeingia na sukari, mguu wa kulia asubuhi unaamka baada yangu. Karatasi mfukoni inasema niko fiti.

Lakini sasa upande wa pili. Mnamjua kijana anayeteremka Mwanga kwenda stesheni na Coaster imejaa, kaweka fri, gari halina gia, ili aokoe mafuta? Mimi nimepanda na huyo kijana. Breki zinanuka mpaka siti ya mwisho. Mzee wa 67 mteremko ule anaingia na namba tatu tangu juu, injini inalia inashika gari, breki anaigusa tu. Hiyo haifundishwi darasani, inakuja baada ya kuogopa mara kadhaa. Na Aprili 2024 kule Arusha gari la shule lilisombwa na maji korongoni na watoto wakafa, siku kama ile kinachookoa ni mtu wa kusema hapa tusubiri maji yapungue hata bosi akipiga simu mara kumi. Kusubiri ni kazi ya wazee.

Kwa hiyo mama wawili, kabla hujasema umri, uliza alfajiri ile kilichofeli ni nini. Mikono? Akili? Au macho? Kwa ulivyoeleza mimi naona macho. Rivasi kwenye tope na mtaro hata mimi ningeingia, ila kupitiliza geti analosimama kila siku miaka mitatu, hapo hakuona.

Mtu_wa_Mwanga
Sawa mzee wangu nimekuelewa ila umekiri mwenyewe mguu unaamka baada yako, na huo ndio mguu wa breki

deiwaka_mstaafu
Ndio maana niliacha. Nilimrudishia tajiri funguo mwenyewe, hakunifukuza mtu.

nesi_wa_macho
Nimeona ng'ombe hazeeki maini hapo juu, maini sawa, macho je? 😄

Nafanya kitengo cha macho, naomba niongeze maana watu wengi huangalia dalili isiyo yenyewe. Mtakuta mzazi anasema "yule dereva kazeeka, anasoma karatasi ya majina kaiweka mbali kama anapiga picha". Hiyo haina shida na udereva, kila mtu akipita arobaini na kitu lenzi ya jicho inakuwa ngumu, vya karibu vinakuwa ukungu, unanunua miwani ya kusomea maisha yanaendelea. Barabarani anaangalia mbali.

Shida iko kwenye giza na kwenye mwanga mkali wa ghafla. Mboni ya mzee haifunguki kama ya kijana na lenzi inakuwa na rangi ya njano njano, kwa hiyo mwanga unaofika nyuma ya jicho la mtu wa miaka 60 ni kama theluthi moja ya unaofika kwa mtu wa 20. Halafu akipigwa taa full na bodaboda, wewe kijana unapepesa unaendelea, yeye anabaki na weupe machoni sekunde kadhaa, gari linatembea na haoni kitu. Kama kuna mtoto wa jicho unaanza ndio kabisa, kila taa inakuwa na miale kama jua. Na mtoto wa jicho hauumi, unakuja taratibu, mwenyewe anadhani taa za gari zimefifia anaenda kubadilisha balbu. Wazee wanakuja kwetu wameshabadilisha balbu mara tatu, sitanii.

Presha ya macho nayo inakula pembeni kwanza, unaona mbele vizuri unasoma mpaka herufi ndogo ubaoni lakini mtoto anayetokea upande wa kushoto humuoni. Kwa hiyo kusoma ubao peke yake haitoshi, inabidi apimwe na uwezo wa kuona pembeni.

Sasa jambo ambalo mtu wa Dar hawezi kulielewa. Sisi Kigoma tuko magharibi kabisa ya nchi ila saa tunatumia moja na wao. Dar saa kumi na mbili na nusu kweupe, sisi hapa bado giza, jua linachomoza kwenye saa moja. Shule zinaanza muda uleule. Maana yake gari la shule la Kigoma ruti nzima ya asubuhi linaendeshwa usiku. Huyo mzee mngemuweka Dar asubuhi hiyohiyo pengine angeliona geti.

Anapimika na anatibika. Mtoto wa jicho ni upasuaji mdogo, wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo, wengine wanarudi wanaona kuliko watoto wao. Msimfukuze mtu kwa ugonjwa unaotoka kwa nusu saa.

mama_wawili_gungu
Nesi umenifungua, ile ya balbu imenishtua kwa sababu anti wa gari aliniambia Babu analalamika taa za Coaster ni hafifu na fundi kazibadilisha mwezi wa pili huu.

katubuka_finest
duh

mjukuu_wa_reli
Mimi naongea kama mtoto wa dereva wa aina hiyo, mkinikwaza mtanisamehe. Baba yangu kaendesha gari la shule Tabora mpaka miaka 70, sisi tunakaa Ipuli. Mnasema astaafu, astaafu ale nini? Mmeongelea macho na breki hakuna aliyeongelea mafao. Madereva wengi wa mabasi ya zamani hawajawahi kuwekewa hata mwezi mmoja kwenye mfuko wowote, tajiri alikuwa anakupa posho mkononi mnaachana, ukizeeka unaondoka na koti la gari. Walimu wanalia na kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, baba hakuwa hata na hicho cha kukokotoa.

Na niwaambie kwa nini shule zinapenda wazee. Kazi ni masaa mawili asubuhi na masaa mawili mchana, katikati unakaa chini ya mwembe. Mshahara ni mdogo. Kijana mwenye leseni kubwa hakai hapo, akipata nafasi ya semi ya kwenda Congo anaacha funguo ofisini bila kuaga. Kwa hiyo mkiweka sheria ya 60 sawa, ila mjue mtapata nani. Mtapata deiwaka mpya kila wiki mbili asiyejua hata jina la mwanao, anamshusha mtoto wa chekechea upande usio wake anavuka mwenyewe.

Baba aliacha siku alipomsahau mtoto mmoja kalala siti ya nyuma, akamrudisha mpaka uwanja wa kupaki gari. Dakika ishirini tu mtoto mzima hana kitu. Alirudi nyumbani akakaa kibarazani hakula, kesho yake hakwenda. Hakuna mtu aliyemwambia aache. Mpaka leo gari la njano likipita anageuza uso.

deiwaka_mstaafu
Pole kijana. Mwambie mzee namsalimu, mwambie amefanya kitu ambacho matajiri wengi hawawezi.

muha_wa_Leeds
Mwidiwe ndugu zangu. Mimi mzaliwa wa Buhigwe niko Uingereza mwaka wa kumi na moja sasa, naendesha basi la abiria mjini na miaka ya nyuma niliwahi kubeba wanafunzi. Huku hawajaweka ukomo, hakuna aliyeandika kwamba ukifika miaka fulani shuka. Walichofanya ni hiki, leseni ya basi na lori ukishafika 45 kila miaka mitano unaleta fomu ya daktari kapima macho, moyo, sukari, kifafa, usingizi, vyote, na ukifika 65 inakuwa kila mwaka. Kila mwaka! Nina mwenzangu ana 71 anaendesha mabasi ya shule na kila mwaka kabla ya siku yake anakuwa mnyonge kama anasubiri matokeo ya darasa la saba, akipita ananunua keki gereji nzima tunakula.

Marekani nao ninavyofahamu serikali kuu haijaweka umri wa mwisho kwa dereva wa basi la shule, tena wana sheria ya mwaka 1967 inayomkataza mwajiri kumbagua mtu kazini kwa umri kuanzia miaka 40, kwa hiyo ukimfukuza mzee kwa kuwa ni mzee tu anaweza kukupeleka mahakamani. Ila cheti cha daktari kwa dereva wa magari makubwa hakizidi miaka miwili, na mwenye presha anaweza kupewa kifupi zaidi. Marubani ndio wamewekewa ukomo, 65 kwa ndege kubwa za abiria, zamani ilikuwa 60 ikasogezwa. Na rubani ana mwenzake pembeni wa kushika usukani, dereva wa Coaster pembeni yake ana anti na begi la mtoto.

Kwa hiyo swali sio "ana miaka mingapi" bali "mara ya mwisho kupimwa ni lini na nani amekiona cheti".

Mtu_wa_Mwanga
Hiyo ya kila mwaka kuanzia 65 naiunga mkono. Ila daktari wa kuandika cheti bila kumuona mgonjwa hatokosekana, tunajuana

nesi_wa_macho
Ndio maana mzazi mmoja au mwalimu amsindikize. Sio kumlinda, kumshika mkono. Wazee wanaogopa hospitali kuliko wanavyoogopa trafiki.

bangwe_view
Mimi nauliza swali la kijinga, kwa nini asiendeshe mchana tu? Kama shida ni giza mchana hakuna giza

deiwaka_mstaafu
Hilo sio la kijinga hata kidogo, hilo ndio swali limekaa hapa tangu asubuhi tukalizunguka. Tahadhari moja tu, ruti ya jioni ikichelewa ukiwa unateremka kuelekea ziwani jua linakupiga usoni mpaka unaendesha kwa kukumbuka. Miwani ya jua, kioo kisafishwe kwa ndani na sio nje tu, na wipa zibadilishwe maana wipa kipara inakwangua kioo na kioo kilichokwanguka kwenye jua ni kama kimepakwa maziwa. Wazazi mnakagua mtoto kavaa soksi hamkagui wipa.

kibirizi_dagaa
mzee wewe una mambo, ungekuwa jirani ningekuletea migebuka

mama_wawili_gungu
Nimerudi na mrejesho, samahanini nimekawia siku kumi na mbili.

Sikwenda kwa mwenye shule kwanza. Nilikwenda kwa Babu mwenyewe, Jumamosi, nikambebea mchele na mafuta ya mawese maana huwezi kwenda mikono mitupu kumwambia mtu mzima maneno kama yale. Nimeamkia, nimekaa, nusu saa tunaongelea mvua na bei ya dagaa, maneno yamenikwama hapa kooni. Mwisho yeye ndio akaanza. Akaniambia "mwanangu umekuja kwa habari ya ule mtaro". Nikalia, mimi badala ya yeye.

Akasema tangu mwaka jana akipishana na taa usiku anahesabu moja mbili tatu mpaka aone tena. Anahesabu! Na watoto wangu wako nyuma yake wanaimba. Nikamuuliza kwa nini hukusema, akasema ningemwambia nani na mwenye gari anataka gari tu litembee.

Jumatatu tukaenda watatu, mimi, anti wa gari na yeye mwenyewe, tukampima. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho umekomaa, la kushoto unaanza. Nesi ulisema kweli tupu, kwenye ubao mchana alisoma mistari mingi tu nikadhani wamekosea, walipomuwekea mwanga pembeni herufi zikapotea.

Mwenye shule mwanzoni alitaka amtoe kabisa, akasema nitalaumiwa. Wazazi saba tulikwenda pamoja, baba mmoja wa Katubuka akamwambia tukilaumu tutakulaumu kwa deiwaka utakayemleta sio kwa Babu. Tumekubaliana asubuhi gari linaendeshwa na kijana mmoja aliyekuwa fundi wao, ana leseni ya daraja linalotakiwa na Babu anakaa siti ya mbele anamwelekeza mageti. Mchana Babu anaendesha mwenyewe mpaka tarehe ya upasuaji, tumeomba wamfanyie likizo ya mwezi wa sita. Akipona anapimwa tena ndio tutaongea habari ya asubuhi. Mshahara wamempunguzia kidogo, hilo halijanifurahisha na bado tunalipigania, wazazi tunachangishana kwenye grupu la Whatsapp, wengine wameona meseji wamenyamaza, mnawajua.

Wipa zimebadilishwa. Nilikagua mwenyewe.

Mtu_wa_Mwanga
Hongera mama. Kijana wa asubuhi mteremko anaingia na gia namba ngapi?

mama_wawili_gungu
Siku ya kwanza aliweka fri 😅 Babu akamgonga mkono kwa fimbo yake